FUNDI WA NYUMBANI: Kutu Ndogo Isimamishayo Gari Kubwa



Juma hili safu yetu itaeleza ugonjwa mmoja wa magari ya zamani ambao humaliza fedha za familia nyingi pasipo haja. Ugonjwa wenyewe ni kutu katika viungo vya nyaya za umeme zinazohudumia mfumo wa petroli. Gari hukohoa likipanda mlima, au huzimika katikati ya foleni, na mwenyewe huambiwa kwamba pampu imekufa. Basi hununua pampu. Pampu mpya hufungwa kwenye waya uleule ulioliwa, gari hutembea siku chache, kisha hurudia tabia yake. Karo ya mtoto imekwenda dukani, nao ugonjwa umebaki garini.

Kazi ya kusafisha kiungo cha umeme yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, brashi ya waya na kipande cha msasa. Lakini kwa kuwa iko karibu na petroli, hapana budi ifanywe kwa utaratibu. Kanuni yetu ya leo ni moja, na twamwomba msomaji aishike tangu mwanzo: anzia kwenye betri, malizia kwenye tangi. Maradhi mengi ya umeme wa petroli hupatikana mbali na petroli yenyewe, mahali ambapo cheche moja haiwezi kuleta msiba.

KWA NINI KUTU HUIPENDA BUJUMBURA

Mji wetu umelala kando ya Ziwa Tanganyika. Joto na unyevu hukaa pamoja kwa miezi mingi ya mwaka, kuanzia Oktoba hivi hadi Mei. Hali hiyo peke yake yatosha kuifanya shaba iote ukungu wa kijani.

Lakini ziko sababu nyingine. Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena katika 2024, maji ya ziwa na ya mto Rusizi yalipanda, yakaingia Gatumba na sehemu za mji zilizo karibu na ufuo. Gari lililolala majini laweza kukaushwa juani na kuwaka vizuri, mwenyewe akashukuru. Hata hivyo, maji yakiisha kuingia kwenye ncha ya waya, hupanda ndani ya ganda lake kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Mwaka mmoja au miwili baadaye nyuzi za shaba huwa nyeusi kwa ndani, ingawa ganda kwa nje ni zima. Tena, ikiwa betri ilikuwa imefungwa wakati gari limo majini, umeme hupita katika maji na kuila shaba ya upande wa chanya kwa kasi kubwa. Kwa hiyo maji yakianza kukaribia nyumba na huwezi kulihamisha gari, ondoa mapema waya wa hasi wa betri. Kazi hiyo ya dakika 2 yaweza kukuokolea nyaya za gari zima.

Sababu ya tatu ni uhaba wa petroli, ambao tuliuona katika 2022 na ambao ulikuwa mkali zaidi katika 2024. Gari likikaa majuma mengi bila kutembea, kutu hujitandaza polepole katika kila kiungo. Na petroli iliyobebwa katika madumu, ikapita mikono mingi, mara kwa mara huwa imechanganyika na maji. Maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini kabisa ya tangi, palepale penye kipimio na, katika magari mengine, penye pampu.

GARI LAKO LINA UMEME GANI KATIKA PETROLI?

Kabla ya kushika spana, lijue gari lako. Magari ya zamani yanayotembea katika barabara zetu yagawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la magari ya kabureta, kama Volkswagen ya mgongo wa kobe, Corolla za zamani, na Peugeot 504 zilizo nyingi. Hiyo 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na mwaka 1975 ilishinda mashindano ya Safari, jambo lililoipa sifa kubwa katika nchi zetu. Katika magari haya pampu huendeshwa na injini yenyewe, bila umeme. Mambo ya umeme ni machache tu: kipimio chenye boya kilichomo katika tangi, ambacho huipelekea habari geji ya petroli; na katika kabureta nyingi, vali ndogo ya umeme iliyofungwa ubavuni, ambayo hufungua njia ya petroli ya mwendo wa polepole unapowasha gari.

Kundi la pili ni la magari ya sindano, ambayo pampu yao huendeshwa kwa umeme. Mercedes 190 E, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1982, pampu yake iko nje, chini ya sakafu karibu na ekseli ya nyuma, mahali ambapo tope na maji ya barabarani huipiga kila siku. Corolla za sindano za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zina pampu ndani ya tangi. Katika magari haya umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, kisha rilei, kisha nyaya ndefu za chini ya zulia, ukafika kwenye pampu, na kurudi kwa njia ya bodi ya gari. Kila kiungo katika safari hiyo ni mlango wa kutu.

DALILI ZA KUTAMBUA

Kwanza, gari hutembea vizuri mjini tambarare, lakini hukosa nguvu likipanda mlima wa kuelekea Bugarama. Hapo injini hudai petroli nyingi, nayo pampu inayopata umeme hafifu haina uwezo wa kuisukuma.

Pili, gari huzimika likiwa na joto, kisha huwaka tena baada ya kupumzika. Hapa yapasa kutofautisha. Katika gari la kabureta, petroli yaweza kugeuka mvuke ndani ya mrija ulio karibu na injini. Huo si ugonjwa wa umeme. Katika gari la sindano, gusa kichwa cha waya wa rilei na cha fyuzi ya pampu mara tu gari lizimikapo. Kikiwa cha moto, au plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia, umempata mhalifu.

Tatu, injini ya kabureta huwaka ukikanyaga mafuta lakini hufa uondoapo mguu. Sikiliza kwenye ile vali ndogo huku mwenzako akifungua swichi: ikikosa kulia “tik”, huenda haipati umeme.

Nne, sindano ya geji hucheza, au husema uongo. Katika Toyota nyingi, kutu katika waya wa kipimio hufanya geji ionyeshe petroli pungufu kuliko iliyopo. Katika magari mengine mambo huwa kinyume: geji huonyesha petroli ambayo haipo. Katika nyakati za uhaba, uongo huu wa pili ni mbaya kwelikweli, kwani humwacha baba wa familia kando ya barabara usiku, hali akiamini ana nusu tangi.

HESABU NDOGO YA KUELEWA

Tuseme pampu inavuta umeme wa ampea 5. Tuseme tena kiungo kimoja kimeota kutu kiasi cha kuleta ukinzani wa omu nusu tu. Tano mara nusu ni mbili na nusu: yaani volti 2.5 hupotea katika kiungo hicho, na pampu hubakiwa na volti 9.5 badala ya 12. Volti zilizopotea hugeuka joto. Ni kama wati 12 za joto ndani ya kipande cha shaba kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Joto hilo huzidisha kutu, kutu huzidisha joto, hadi plastiki inayeyuka. Ndiyo maana ugonjwa huu haujiponyi wenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

USALAMA KABLA YA SPANA

Mvuke wa petroli huwaka hata ukiwa sehemu 1 na nusu hivi katika sehemu 100 za hewa. Nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini kama maji, ukafika kwenye mbabula iliyo hatua kadhaa kutoka gari lilipo. Kwa hiyo:

1. Fanya kazi nje, mchana, mahali penye upepo. Usitumie mshumaa wala taa ya mafuta.

2. Mbabula izimwe, sigara zikae mbali, na watoto wasicheze karibu. Mwambie mama wa nyumbani unalotaka kufanya kabla ya kuanza, maana yeye ndiye ajuaye moto umewashwa wapi.

3. Madumu ya petroli yasiwepo kabisa mahali pa kazi. Na tuseme wazi, petroli haifai kulala katika chumba wanamolala watu.

4. Weka kizimamoto karibu, au walau ndoo ya mchanga mkavu. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwani petroli huelea juu yake na kuusambaza moto.

5. Ukinusa petroli, acha umeme. Tafuta kwanza mahali inapovuja.

KUPIMA: KUTOKA BETRI KUELEKEA TANGI

Kipima umeme chenye sindano au tarakimu ni chombo kizuri, lakini peke yake chaweza kumdanganya mtu. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 usipobeba mzigo. Mafundi wenye busara hutumia balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Waya mzima huiwasha balbu kwa mwanga kamili. Waya mgonjwa hutoa mwanga mwekundu na dhaifu. Balbu hiyo itumike kwenye betri, fyuzi na rilei tu, kamwe si penye tangi.

Kipimo bora zaidi ni kupima volti zinazopotea wakati pampu inafanya kazi. Unganisha waya mrefu kutoka chanya ya betri hadi kwenye mguu mmoja wa kipima umeme, na mguu wa pili uguse chanya ya pampu. Kikionyesha zaidi ya nusu volti, kutu imo njiani. Kisha pima upande wa kurudi, kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri. Hapo isizidi volti 0.2 au 0.3. Ukishajua upande mgonjwa, sogeza mguu wa kipimo kiungo baada ya kiungo mpaka upate palipo na hasara.

Katika Toyota za sindano za miaka hiyo, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha kupimia chenye matundu yaliyoandikwa +B na FP. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya huku swichi imefunguliwa, pampu huzunguka bila injini kuwaka, nawe wapata nafasi ya kupima kwa utulivu. Unganisha kipande hicho kabla ya kufungua swichi, ili cheche isitoke mkononi mwako.

KUSAFISHA NA KUUNGA UPYA

Hatua ya kwanza: ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya ule wa chanya, na urudishe hasi mwisho. Ukianza na chanya, spana yaweza kugusa bodi na kutoa cheche kubwa.

Hatua ya pili: vichwa vya betri. Unga mweupe uliogandamana hapo huondolewa kwa maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na magadi ya kupikia. Maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing’ae.

Hatua ya tatu: sanduku la fyuzi. Magari ya Kijerumani ya zamani hutumia fyuzi zenye ncha wazi; nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya ampea 16. Ncha zake huota kutu upesi. Zizungushe kwa vidole, na kama zimechakaa weka mpya zenye namba ileile. Sugua vishikizo vyake kwa msasa laini, uvibane kidogo viwe na nguvu ya kushika.

Hatua ya nne: viungo vya bodi. Huu ndio mzizi wa maradhi mengi, na ndio usahauliwao zaidi. Fungua skrubu inayoshika waya mweusi au wa kahawia kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe kionekane, weka washa yenye meno, kaza barabara, kisha paka grisi juu yake. Grisi hupakwa baada ya kukaza ili kuzuia maji.

Hatua ya tano: vichwa vya nyaya. Palipo na kutu ya kijani kidogo, msasa na dawa ya kupulizia ya kusafishia vigusio hutosha. Dawa nyingi za namna hiyo huwaka moto, basi ziache zikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Kichwa kilichotobolewa na kutu kitupwe. Kata waya kidogo kidogo mpaka uone shaba inayong’aa. Ikiwa weusi unaendelea zaidi ya urefu wa kidole, badili waya wote kwa mwingine wa unene uleule.

Hatua ya sita: kichwa kipya kibanwe kwa koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwenye kutaka kulehemu afanye hivyo mezani, mbali na gari, wala asilehemu karibu na tangi hata likiwa tupu. Tangi tupu lina mvuke, nao mvuke ndio ulipukao. Funika kiungo kwa kibomba cha plastiki kinachojibana kwa joto. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuviringishiwa utepe si kiungo. Katika joto la mji huu gundi ya utepe huyeyuka, nao waya hubaki uchi.

Hatua ya saba: kichwa cha waya kilicho juu ya tangi au kwenye pampu. Hapa safisha kwa brashi laini na kitambaa, betri ikiwa imeondolewa. Kwa kipimio, unaweza kuchomoa waya wake na kupima ukinzani wa kipimio chenyewe. Ukibadilika kulingana na petroli iliyopo, kipimio ni kizima na tatizo liko katika waya.

Kazi yetu ya nyumbani yaishia hapo. Nyaya zilizo ndani ya tangi ziachiwe fundi. Waya wa kawaida wa dukani haufai humo, kwa kuwa ganda lake hulainika na kuyeyuka katika petroli, na mpira wa kufungia tangi ukikaa vibaya, mvuke huingia ndani ya gari. Katika gereji za Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya kazi, waweza kueleza ulichopima na ulichokuta. Mteja afikaye akisema, “Volti mbili zinapotea kati ya rilei na pampu,” hauziwi pampu asiyoihitaji.

YASIYOFAA KABISA

Fyuzi isibadilishwe kwa karatasi ya sigara wala kwa kipande cha waya. Fyuzi ndiyo mlinzi wa zamu. Ukimwondoa, moto huingia bila kuulizwa. Kadhalika usiipelekee pampu waya wa moja kwa moja kutoka betri. Rilei katika magari mengi ya sindano huizima pampu injini ikisimama. Bila rilei hiyo, gari likipata ajali na mrija ukakatika, pampu huendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto na juu ya waliomo.

Nao ndugu zetu askari na polisi wanaoendesha magari ya kazi wakumbuke kwamba gari la serikali lina utaratibu wake. Ukiziona dalili tulizozitaja, ziandike katika daftari la gari na umwarifu mkuu wa usafiri. Dereva aandikaye mapema kwamba geji inadanganya huwaepusha wenzake na kukwama mahali pasipofaa kukwama.

NENO LA MWISHO

Kazi hii yote haizidi asubuhi moja ya siku ya mapumziko. Rudia kutazama viungo hivyo mara mbili kwa mwaka: mvua zikikaribia kuanza, na zikiisha kukatika. Na kijana wa nyumbani aliyefikia umri wa kuelewa asimame karibu, ashike kipima umeme na kusoma tarakimu. Atajifunza hesabu, atajifunza uangalifu, na siku gari litakapokohoa kwenye kona za kuelekea Bugarama, huku malori yakishuka upande wa pili, familia yake itakuwa na mtu ajuaye pa kutazama kwanza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuondoa maji yaliyotuama chini ya tangi, na jinsi ya kuitambua petroli mbovu kabla haijaingia garini.